Baada ya Kadi ya Kliniki: Nani Anampima Mtoto Anayeanza Shule?

Wazazi na babu wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda waliingia darasa la kwanza kwa kipimo kimoja tu. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kushika sikio la kushoto. Aliyelifikia aliandikishwa. Ambaye vidole vyake viliishia juu ya sikio alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine.

Kipimo kile hakikuwa cha kubahatisha. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kadiri anavyokua mikono hurefuka upesi kuliko kichwa, na wengi hulifikia sikio wakiwa na miaka sita au saba. Mahali ambapo cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, mwalimu alipata namna ya kukisia umri bila karatasi. Ubaya wake ni kwamba kilipima ukuaji kikadai kimepima umri. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni alionekana mdogo hata kama alikuwa na miaka saba kamili. Hivyo aliyerudishwa nyumbani mara nyingi alikuwa yule yule aliyehitaji kuwahi shule kuliko wenzake.

Jambo hili lilikuja kuthibitishwa kwa takwimu. Mwaka 1995 watafiti Paul Glewwe na Hanan Jacoby walionyesha kwamba nchini Ghana watoto wenye lishe duni walichelewa kuanza shule, na kwamba hali ya lishe ilieleza ucheleweshaji huo vizuri kuliko sababu nyingine walizozipima. Mkoani Kagera, watoto waliopimwa urefu katika utafiti wa kaya wa 1991 hadi 1994 walitafutwa tena mwaka 2004, baadhi yao wakiwa wamekwishahama. Waliokuwa wamedumaa utotoni walikuwa wamechelewa kuanza darasa la kwanza na wamesoma madarasa machache. Muongo mzima ulikuwa umepita, na vipimo vya urefu vilivyochukuliwa kijijini kabla ya shule bado vilikuwa vinaonyesha nani angefika wapi.

Mkono juu ya kichwa umekwisha katika shule nyingi, na ni vyema umekwisha. Ila mahali pake hatukuweka chochote. Leo mtoto wa miaka mitano au sita akiingia darasa la awali au la kwanza, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna mtu atakayempima urefu, macho, masikio wala damu, wala atakayeuliza amelala saa ngapi na amekula nini. Nchi zetu zimejenga, kwa miongo mingi na kwa kazi ya kusifiwa, utaratibu wa kumfuatilia mtoto tangu tumboni. Utaratibu huo unakatika mlangoni mwa shule.

Tazama yanayotokea siku mtoto anapotimiza miaka mitano. Kadi ya kliniki, ile yenye mistari ya ukuaji ambayo mama ameitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya nyumbani, inafikia mwisho wa grafu yake. (Kadi za aina hii zina asili ya Afrika: daktari Mwingereza David Morley alizianzisha katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950, akitaka mama mwenyewe ndiye akae na kumbukumbu za mtoto, wala si hospitali.) Utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi kutafuta utapiamlo mkali umewekewa viwango vya watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia 12.5 ni kijani. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa mara mbili kwa mwaka katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto nayo yanakoma hapo hapo. Mzani wa kuning'iniza unaotumika kliniki una mwisho wa kilo 25, na mtoto wa miaka sita haingii tena katika chupi yake ya kupimia bila kuburuza miguu.

Hata sayansi yenyewe inabadili rula siku hiyo. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya watoto chini ya miaka mitano, vilivyotolewa mwaka 2006, vilitokana na kupima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walichaguliwa kwa sababu walinyonyeshwa, hawakuvutishwa moshi wa sigara na waliishi katika nyumba zisizo na dhiki. Watoto wa Accra na wa Muscat, mji ambao Kiswahili husikika majumbani hadi leo, walikua karibu sawa na wa Oslo. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba watoto wetu ni wafupi kwa asili. Lakini viwango vya kuanzia miaka mitano hadi 19, vya mwaka 2007, vimejengwa kwa kuunganisha zile takwimu mpya na vipimo vya watoto wa Marekani vya zamani. Vile vya kwanza vinasema mtoto anavyopaswa kukua. Vya pili vinasema tu watoto wa mahali fulani, wakati fulani, walikuaje.

Damu nayo ina mpaka wake. Mtoto wa miezi 59 mwenye hemoglobini ya gramu 11.2 kwa desilita hahesabiwi kuwa na upungufu wa damu, maana kiwango cha umri wake ni 11.0. Akitimiza miaka mitano kiwango kinapanda hadi 11.5, na mtoto yule yule, kwa damu ile ile, anakuwa mgonjwa katika jedwali. Hakuna kosa hapo. Hemoglobini ya kawaida hupanda kadiri mtoto anavyokua. Ila mtu anayesoma ripoti mbili, moja ya watoto wadogo na moja ya wanafunzi, asipojua jambo hili atadhani kuingia shule kumeleta maradhi.

Takwimu za kitaifa zina pengo hilo hilo. Tunajua kwa uhakika kwamba udumavu Tanzania ulishuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022, na kwamba Kenya ilishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Hizo ni nambari za kujivunia, na nyuma yake kuna wauguzi na wahudumu wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba. Ila zote ni za watoto chini ya miaka mitano. Mtoto aliyehesabiwa kuwa amedumaa mwaka 2015 huenda alikuwa darasani mwaka 2019, na tafiti hizo hazikumfuata kuona anaendeleaje. Mwanasayansi Donald Bundy na wenzake, katika kitabu cha mwaka 2017 kuhusu afya ya watoto wa shule, waliandika kwamba dunia imezishughulikia siku 1,000 za kwanza ikasahau kwamba ukuaji wa binadamu ni wa siku 8,000. Ninakubaliana nao, kwa nyongeza moja: katika siku hizo zote, hakuna wakati ambapo watoto wengi hivi hukusanyika mahali pamoja kwa hiari yao kama juma la kwanza la shule. Tangu Tanzania ilipoanza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2016, karibu kila mtoto hupita mlango huo, hata yule ambaye mama yake aliacha kwenda kliniki chanjo zilipokwisha.

Kabla ya kupima lolote, lazima umri ujulikane. Hili linaonekana dogo, nami nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Udumavu ni urefu kwa umri. Umri ukikosewa, urefu sahihi unatoa jibu la uongo. Kwa viwango vya kimataifa mvulana wa miaka mitano kamili anategemewa kuwa na urefu wa kati wa sentimita 110, na akiwa chini ya 100.7 anahesabiwa kudumaa. Akifika miaka sita, urefu wa kati ni 116 na mpaka wa udumavu ni kama 106. Mvulana mwenye sentimita 103, kwa hiyo, yuko salama akiwa na miaka mitano, na amedumaa akiwa na sita. Mzazi aliyeongeza miezi michache ili mtoto apokelewe shule, au aliyepunguza ili akae nyumbani kidogo na mdogo wake, amembadilisha mtoto kutoka mzima kuwa mgonjwa au kinyume chake. Katika utafiti wa 2015/16, takriban mtoto mmoja kati ya saba wa chini ya miaka mitano Tanzania ndiye aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuandikisha watoto bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 ukaenea mkoa kwa mkoa, umefanya kazi ambayo watu wa lishe hawajaisifu vya kutosha. Cheti kile ni kifaa cha kupimia sawa na ubao wa urefu.

Sasa, kipimwe nini? Ukiwauliza wataalamu, kila mmoja ataleta orodha yake, na orodha zikijumlishwa hakuna shule itakayopata nafasi ya kufundisha. Lipo swali moja la kuchujia: matokeo yakiwa mabaya, kuna mtu karibu wa kufanya kitu? Macho yanapita mchujo huu bila shida. Chati ya herufi E, ambayo mtoto asiyejua kusoma huijibu kwa kuelekeza vidole, haigharimu kitu, na asiyeona ubaoni anaweza kuhamishiwa dawati la mbele siku hiyo hiyo. Masikio vivyo hivyo: usaha unaotoka sikioni hauhitaji mashine kuonekana, na mtoto anayeitwa mzembe darasani mara nyingi hasikii. Urefu na uzito vinapita. Meno yanapita kwa kiasi, hasa mahali ambapo yanauma mpaka mtoto hali. Vipimo vya damu, kwa maoni yangu, viachiwe zahanati na tafiti za sampuli. Kumchoma kila mtoto kidole siku ya kwanza ya shule ni kumfundisha kuiogopa shule.

Kuna magonjwa yanayopimwa vyema kwa kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, Christian Lengeler, Hassan Mshinda na wenzao walipeleka dodoso katika shule za msingi kupitia njia za kawaida za utawala, bila gari la watafiti. Walimu waliwauliza wanafunzi kuhusu maradhi mbalimbali, kichocho na mkojo wa damu vikiwa vimechanganywa humo. Majibu yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, yalizitambua shule zenye kichocho kikubwa kwa usahihi wa kushangaza na kwa sehemu ndogo sana ya gharama. Watoto walijua wanaumwa nini. Miaka ya 1990 mradi wa Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, UKUMTA, uliitumia hekima hiyo mkoani Tanga ukagawa dawa za kichocho na minyoo kwa mikono ya walimu. Kazi hizi zilifanyika hapa, na watu wa hapa, na zinanukuliwa ulimwenguni kote. Inasikitisha kwamba mipango mipya inapoandikwa mara nyingi huanza kana kwamba hazikuwahi kuwepo.

Malaria ni mfano wa kinyume, ambapo kuuliza hakutoshi. Watoto wa umri wa shule hubeba vimelea bila homa. Tafiti za kaya zilikuwa zikiwapima walio chini ya miaka mitano, mpaka Tanzania ilipopima wanafunzi katika shule za msingi zaidi ya 350 mwaka 2015 na kukuta asilimia 21.6 wana vimelea. Huwezi kuujua mzigo huo kwa kumwuliza mama. Faida ya kupima ilionekana kwa sababu tayari palikuwa na njia ya kuchukua hatua: tangu 2013 vyandarua vilikuwa vinagawiwa kupitia shule katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Ugumu mkubwa uko katika mazoea ya kila siku: usingizi, chakula, michezo, simu na runinga. Hapa hakuna ubao wala mzani. Ni maneno ya mzazi, na mzazi anajua jibu linalotakiwa. Mwulize kama mtoto hunywa chai asubuhi, atasema hunywa. Mwulize kama mtoto "kwa kawaida" huangalia katuni muda mrefu, atasema kidogo tu. Watafiti wazoefu huuliza habari za jana peke yake: jana asubuhi, kabla ya kutoka, alikula nini? Jana alipopewa hela ya shule, alinunua nini saa nne? Mihogo ya kukaanga, barafu, kachori, ubuyu, juisi ya pakiti. Majibu yanatiririka, kwa kuwa hakuna anayejihisi kuhukumiwa kwa siku moja. Na saa ziulizwe kwa alama za nyumbani. Mama asiyetazama saa anajua kabisa kama mtoto alilala kabla au baada ya adhana ya Isha, kabla au baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Usingizi unahitaji mkazo wa pekee kwa sababu ndiyo tabia ambayo shule yenyewe imeiharibu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yanamtaka mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na wataalamu wa usingizi huendeleza kiwango hicho hadi miaka mitano. Kuanzia sita ni saa 9 hadi 12. Fanya hesabu kwa mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye basi la shule humpitia gizani. Akiamshwa saa kumi na moja alfajiri, ili apate saa kumi za usingizi lazima awe amelala saa moja usiku, wakati ambapo baba hajafika nyumbani na chakula cha jioni hakijaiva. Basi linaanza na mtoto wa mbali, na wa mbali ndiye anayeshuka wa mwisho jioni. Mtoto huyu akisinzia darasani, kosa ni la ratiba. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na kwa hoja ya malezi ilikuwa sawa. Lakini wapo wazazi waliowapeleka watoto bweni kwa kukimbia mabasi ya alfajiri, na kwao tatizo limerudi mlangoni. Lingeweza kupimwa kwa maswali mawili katika fomu ya kuandikisha: mtoto huamka saa ngapi, na hufika nyumbani saa ngapi?

Kuhusu kujongea kwa mwili, watafiti hutumia kifaa kidogo kinachofungwa kiunoni kwa siku kadhaa, kinachohesabu mwendo. Utafiti wa SUNRISE, unaoongozwa na Anthony Okely wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, umekitumia kwa watoto wa miaka mitatu na minne katika nchi nyingi, tajiri na maskini, ukilinganisha siku yao na kiwango kinachopendekezwa: dakika 180 za kujongea, saa moja ya mwendo wa kutoa jasho ikiwemo, na skrini isiyozidi saa moja. Akitimiza mitano, pendekezo linakuwa dakika 60 za mwendo wa nguvu kwa siku. Kifaa kina faida yake, maana hakina haya wala hakijui jibu zuri. Lakini kinahesabu vibaya mzigo. Msichana wa kijijini aliyebeba ndoo ya lita kumi kutoka kisimani anaonekana kama anayetembea taratibu. Mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda shule na mwenzake anayebebwa mshikaki kwenye bodaboda wanahitaji maelezo ambayo mkanda wa kiunoni hauyatoi. Kwa ajili ya shule, swali la "jana alikwendaje shule na aliporudi alicheza wapi" litatosha, kwa kuwa jambo ambalo shule inaweza kulibadili ni uwanja na muda wa mchezo. Shule nyingi za binafsi za mjini ziko katika nyumba za kupanga zilizojaa saruji, na hilo linaonekana bila kifaa chochote.

Chakula nacho, Nairobi, kimepata kipimo kisichotegemea kumbukumbu ya mtu. Katika mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mzazi huchangia shilingi tano, na mtoto hugusisha kikuku chake cha mkononi kwenye mashine kabla ya kupewa sahani. Lengo lilikuwa malipo. Lakini kinachobaki ni kumbukumbu ya kila siku ya nani amekula na nani hakula, shule kwa shule. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, ambaye hajagusisha kikuku kwa siku nne mfululizo ni mgonjwa, au kwao hakuna shilingi tano. Mwalimu wake angepaswa kuijua habari hiyo mchana wa siku ya tano, na sioni sababu ya kuingojea ripoti ya mwisho wa mwaka.

Kupima kunaweza pia kuumiza. Uingereza imekuwa ikiwapima urefu na uzito watoto wa shule tangu 2005/06, mara ya kwanza wakiwa na miaka minne au mitano, mara ya pili wakiwa na kumi au kumi na moja. Mwaka 2023/24 wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 9.6 katika kipimo cha kwanza na 22.1 katika cha pili, na katika maeneo maskini hali ilikuwa zaidi ya mara mbili ya maeneo tajiri. Hakuna nchi yetu inayoweza kuonyesha picha kama hiyo. Lakini barua zinazopelekwa kwa wazazi zimezua malalamiko ya muda mrefu: mtoto anafungua bahasha, anasoma kwamba yeye ni mnene, basi. Kwetu, ambako miji inaona mtoto mnene na mtoto aliyedumaa katika nyumba moja, na ambako unene bado husomwa kuwa ni dalili ya neema, barua ya namna hiyo ingeumiza wengine na kuwafurahisha wengine isivyopasa. Matokeo yasemwe kwa mdomo, kwa mzazi, na mtu anayeweza kujibu maswali.

Madhara mabaya zaidi ni kipimo kugeuzwa lango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa; inaruhusu tu wa kumpanga darasa linalomfaa. Hata hivyo usaili wa watoto wa miaka mitano unaendelea katika shule nyingi za kulipia za Kenya na Tanzania, mtoto akiulizwa rangi na herufi mbele ya mtu asiyemjua huku mama akitetemeka nje. Japani nayo huwapima watoto wote miezi kadhaa kabla ya kuanza shule, kwa sheria ya mwaka 1958: macho, masikio, meno, afya ya jumla. Manispaa ndiyo inayobeba jukumu, na kipimo kinakuja mapema ili mwenye tatizo atibiwe kabla ya siku ya kwanza darasani. Hata huko familia za watoto wenye ulemavu zimelalamika kwa miaka mingi kwamba kipimo hutumika kuwaelekeza nje ya shule za kawaida. Kwa hiyo kanuni iandikwe wazi tangu mwanzo kwamba kipimo hufanyika baada ya mtoto kukubaliwa, na hakuna matokeo yanayomtoa.

Na kupima bila kufuatilia ni kupoteza muda wa watoto. Somo hili limetolewa wazi Trans Nzoia, Kenya, katika shule 50. Walimu walipima macho, nusu ya shule kwa chati ya kawaida na barua ya kumwelekeza mtoto hospitali, nusu nyingine kwa programu ya simu iliyomwonyesha mzazi picha ya jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu, na ikatuma ujumbe mfupi wa kukumbusha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika kundi la barua, asilimia 22 ya walioelekezwa hospitali walifika. Katika kundi la simu, asilimia 54. Hospitali ilikuwa pale pale. Kilichotofautiana ni kwamba katika kundi la pili habari ilimfikia mzazi, akaielewa, na mtu akamkumbusha.

Iringa walilijua hili miaka arobaini iliyopita. Mpango wa lishe ulioanza huko mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulipima uzito wa watoto vijijini kila baada ya miezi michache, na matokeo yakasomwa hapo hapo mbele ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ilijadili kwa nini watoto fulani wanadhoofu: mama yuko shambani mchana kutwa, mtoto anakula mara mbili kwa siku, hakuna wa kumwangalia. Kisha ikaamua la kufanya kwa mali iliyopo, iwe uji wa pamoja, kituo cha kulelea watoto au mashine ya kusaga iliyo karibu. Kupima, kuchambua, kutenda, halafu kupima tena. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Mzunguko ule haukuhitaji kompyuta. Ulihitaji nambari isomwe na watu wenye uwezo wa kuibadilisha.

Kwa Tanzania, vipande vya mzunguko huo kwa mtoto anayeanza shule tayari vipo chini ya paa moja. Zahanati na shule ya msingi zote ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Tangu mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe na hupimwa kwa utekelezaji wake. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo ya mwaka. Kinachotakiwa ni kuisogeza siku moja kati ya hizo nne iangukie mwanzo wa mwaka wa masomo, ifanyike uwanjani mwa shule, na iwaite pia watoto wa awali na darasa la kwanza. Mkataba wa wakuu wa mikoa ukiwahesabu watoto hawa, kila aliye chini ya mkuu wa mkoa atawahesabu. Ubao wa urefu utoke zahanati, mzani wa kusimama utoke hapo hapo, chati ya E ichorwe na mwalimu. Mzazi aje na kadi ya kliniki, muuguzi ayajaze matokeo katika ukurasa wa ziada wa kadi ile ile badala ya kufungua daftari jipya, na nakala ibaki shuleni.

Kenya ina kikwazo ambacho majirani zake hawana. Kwa katiba ya 2010, elimu ya awali na zahanati ni za kaunti, na shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mtoto wa PP2, mwaka wa pili wa awali, anapopanda gredi ya kwanza anavuka kutoka serikali moja kwenda nyingine, pengine bila kubadili uwanja, na kumbukumbu zake hazina wa kuzivusha. Kaunti imempima mtoto na kumlisha, lakini mwalimu mkuu wa gredi ya kwanza hapati chochote mkononi. Makubaliano ya kupitisha ukurasa mmoja kutoka darasa moja hadi la jirani hayahitaji kubadili katiba. Yanahitaji waziri wa elimu na baraza la magavana wakubaliane fomu iweje, nani aitie sahihi, na ikae wapi mtoto akihama.

Gharama yenyewe ni ya watu zaidi kuliko vifaa. Mwalimu wa awali mwenye watoto themanini hawezi kuongezewa kazi ya uuguzi, na kila mpango unaoanza kwa maneno "walimu watapima" unapaswa kusema pia ni kazi gani wataondolewa siku hiyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba za watoto hawa. Walizitembelea mama alipokuwa mjamzito. Wao wakisimamia foleni na ubao wa urefu, mwalimu akabaki na daftari la majina na tarehe za kuzaliwa, shule yenye darasa moja la awali na moja la kwanza itamaliza kazi asubuhi moja. Kisha majina ya watoto kumi au kumi na watano waliokutwa na tatizo yabaki kwa mtu mmoja anayejulikana, ambaye mwezi wa nne ataulizwa na kamati ya shule wangapi kati yao wamefika zahanati.